Nifute, au Bado?

Mwalimu Chenge alikuwa na desturi moja ambayo wanakwaya wake walipenda kuiigiza akiwapa mgongo. Kwaya yao haina vitabu vya nyimbo. Nyimbo alizitunga mwenyewe na kuziandika ubaoni kwa chaki, noti za herufi, do na re na mi, sauti moja kwanza halafu nyingine, maana ubao ulikuwa mdogo. Watu wakishanakili, alishika dasta, akageukia mabenchi, akauliza, “Nifute, au bado?” Kisha alingoja. Hata kama kalamu zote zimewekwa chini, alingoja mpaka asikie mtu akitamka, “Futa, Mwalimu.” Wakikaa kimya, hafuti. Kuna siku wanaume wa besi walinyamaza makusudi wamwone atafanyaje, naye akasimama tu na dasta yake mkononi, mpaka wenyewe wakaona haya.

Aliyenisimulia hayo ni Hellen, na Hellen ndiye ninayetaka kumwandika hapa.

Ana kibanda cha kuchapa barua na kutoa kopi karibu na stendi ya Buzuruga. Mimi nashona nguo za watoto kibanda kinachofuata, na ukuta wetu ni ubao mmoja, hivyo akikohoa nasikia, na mwanangu Maige akilia yeye husikia kabla sijainuka kwenye cherehani. Alizaliwa Usagara, pale barabara zinapogawana. Mama yake alikuwa akiwauzia abiria mahindi ya kuchoma, na yeye alijifunza kuchapa kwa mashine ile ya zamani ya chuma, ambayo ukikosea herufi unarudia karatasi nzima. Nadhani ndiyo maana mkono wake hauna haraka. Hata kikombe chako akitaka kukiondoa mezani, atakuuliza kwanza kama umemaliza.

Kwenye kwaya anaimba sauti ya pili. Aliwahi kuniambia kwamba sauti ya kwanza ndiyo wimbo wenyewe, ndiyo watu wanaondoka nayo midomoni, na wengine wote ni wasindikizaji. Alisema hivyo bila kinyongo. Anapenda kusindikiza.

Kompyuta yake ya kupakata aliuziwa na Luhende, fundi wa simu na kompyuta wa upande wa pili wa barabara. Ilikuwa kuukuu, haikuweza tena kubeba mambo yanayobebwa na kompyuta za wengine, basi Luhende akaiwekea mfumo mwepesi na kumfundisha kutumia ule ukurasa mweusi wenye maandishi meupe. Hakuna picha, hakuna vya kubonyeza. Unaandika amri, inatii. Mimi ukurasa ule ulinitisha, lakini Hellen aliupenda mara moja, kwa sababu noti za Mwalimu Chenge nazo ni herufi tupu na nukta zake, na pale zilikaa zimenyooka kama zilivyokaa ubaoni. Kila sauti alikuwa akiitunzia faili lake.

Luhende alimfundisha alama ya mshale. Ukiandika amri, ukaweka mshale huu `>`, halafu jina la faili, maneno yanakwenda kukaa ndani ya faili hilo. “Mshale mmoja unaweka,” alimwambia. “Mishale miwili `>>` inaongeza mkiani.” Somo likaishia hapo. Hakumwambia kwamba mashine, kabla ya kuweka, inaanza kwa kumwaga kilichomo.

Sasa nirudi kwa Mwalimu. Yeye na mke wake, Mama Winnie, wameishi pamoja maisha yao yote ya utu uzima. Ng'ombe walitolewa, wazee wakaridhika, watoto wakazaliwa na kukua na kuondoka, lakini kanisani ndoa ilikuwa haijabarikiwa. Mwaka huu wakaamua ibarikiwe. Mwalimu akatunga wimbo kwa ajili ya mke wake, na akataka Mama Winnie asiusikie kabla ya siku yenyewe.

Kuficha wimbo mbele ya kwaya nzima si jambo dogo. Wanawake wanaoimba sauti ya kwanza ni majirani wa Mama Winnie, wanachota naye maji, wanasukana nywele. Basi akafundisha kuanzia chini, besi ambayo ndiyo ya nne, halafu ya tatu, halafu ya pili, sauti ambazo mtu akiziimba peke yake jikoni hakuna anayejua ni wimbo gani. Ya kwanza akaibakiza. Aliwaambia kina mama watafundishwa wiki ya mwisho. Siku aliyoiandika ubaoni walikuwa wawili tu ukumbini, yeye na Hellen, na Hellen akaichapa papo hapo kwenye kompyuta akiwa ameipakata. Picha ya simu Mwalimu aliikataa. Picha husafiri, alisema. Kisha akashika dasta.

“Nifute, au bado?”

Hellen akalinganisha skrini na ubao, mstari kwa mstari.

“Futa, Mwalimu.”

Kabla ya wiki ya mwisho kufika, Mwalimu Chenge alipata kiharusi. Alipona kwa maana ya kwamba alirudi nyumbani, lakini mkono wa kulia ulilala na maneno hayakurudi. Kanisani wakasema baraka ziendelee kama zilivyopangwa, ataletwa kwenye kiti. Na kwaya wakasema wimbo utaimbwa. Ndipo Hellen akataka kuzichapa karatasi za kila mwanakwaya.

Mchana ule nilikuwa napiga pindo la gauni. Nilimsikia upande wa pili akibonyezabonyeza kama kawaida, halafu kimya. Si kimya cha mtu anayesoma. Nikasimamisha cherehani.

“Mama Maige,” akaniita, “hebu njoo uangalie kama na wewe unaona ninachoona.”

Nilienda, ingawa noti sizijui. Alikuwa ametaka kuziunganisha sauti zote nne ziwe faili moja, na kwa kuwa kwao wimbo huitwa kwa sauti ya kwanza, alitaka zote ziingie ndani ya ile ya kwanza. Akaandika hivi:

`cat kwanza pili tatu nne > kwanza`

Ukisoma kama binadamu unaona sawa. Chukua ya kwanza, ya pili, ya tatu na ya nne, utie kwenye ya kwanza. Mashine ikaandika kijisentensi cha Kiingereza kulalamika kwamba faili inalosoma ndilo inaloandikia. Alipolifungua, mistari ya juu kabisa, pale ilipopaswa kuwa sauti ya kwanza, palikuwa na sauti nyingine.

“Hii ni yangu,” akasema, kidole kwenye kioo. “Hii ya pili naijua hata usingizini. Ya kwanza iko wapi?”

Luhende alikuja na kuinamia kompyuta kwa muda mrefu. Kisha akakaa juu ya kreti la soda akatueleza, na nadhani alinieleza zaidi mimi, maana Hellen alikuwa anatazama barabarani. Alisema mashine haisomi amri kama sisi. Kabla haijagusa kitu chochote inatafuta mshale ulipo, inachukua chombo kilichotajwa baada yake na kukikung'uta kiwe kitupu, ndipo inaanza kumimina. Ilipokwenda kuchota sauti ya kwanza, sauti ya kwanza ilikuwa imeshamwagwa.

Mimi nilielewa. Nimelelewa hivyo hivyo. Mama yangu asingekuruhusu upakue chakula kwenye bakuli kabla hujalisuuza. Mashine ile ilikuwa na adabu za mama yangu.

“Sikuiambia ifute,” Hellen akasema.

“Uliiambia, da Hellen. Kwa alama.”

“Mwalimu akishika dasta anauliza. Hii kwa nini haikuuliza?”

Luhende alikuna shingo. Ni mtu wa maneno mengi na utani, huniita mimi waziri wa nepi, lakini siku ile utani haukumjia. “Inaweza kujizuia,” akasema mwishowe. “Ila lazima uiagize mapema. Ningekuwekea tangu siku ya kwanza.”

Akaandika mstari mmoja, `set -o noclobber`, na kuuweka pia kwenye faili ambalo mashine husoma kila ukurasa mweusi unapofunguliwa, ili isisahau. Halafu akajaribu kwa faili la mchezo, akaelekeza mshale mmoja kwenye jina lililokuwepo. Mashine ikakataa. Ikasema haiwezi kuandika juu ya faili ambalo tayari lipo. Lile faili likabaki na maneno yake.

“Haiulizi hasa,” akasema, “inakataa tu. Na ukiwa kweli unataka kufuta, unaweka mshale na kijiti kilichosimama pembeni yake, hivi, `>|`. Hapo inajua umekusudia.”

“Hiyo ndiyo ‘futa, Mwalimu’,” Hellen akasema polepole.

“Ndiyo. Mishale miwili inapita bila shida, kwa kuwa inaongeza tu. Lakini usije ukalala usingizi. Hii inalinda mlango wa mshale peke yake. Ukinakili faili juu ya faili lingine, au ukiamuru lifutwe, haitakuzuia. Kopi nyingine weka kwenye flashi.”

Akaibeba kompyuta kwenda kwake akajaribu kuufukua wimbo. Aliirudisha kesho yake akitikisa kichwa toka mbali, ili Hellen asisubiri mpaka afike.

Nilimwonea Hellen huruma kwa jambo moja. Mlinzi amewekwa, ndiyo, lakini mlinzi wa leo harudishi kilichoibwa jana.

Siku zilizofuata nilimsikia kupitia ukuta akiimba sauti yake ya pili, akinyamaza, akijaribu kitu juu yake, akiacha. Alikuwa amesoma ile ya kwanza mara moja tu, kwa macho, herufi kwa herufi, kama anayehesabu shanga za mtu mwingine. Alikumbuka kwamba ilimalizikia kwenye do ya juu, kwa sababu aliwaza kina mama wataifikiaje. Mengine yalikuwa ukungu.

Kashindye, anayeongoza wanawake wa sauti ya kwanza, alikuja kibandani. Sauti yake haihitaji ukuta mwembamba.

“Dada, mbona unajitesa? Mwalimu hawezi kusema. Tunga chochote kinachokaa vizuri juu ya sauti zenu, sisi tutaimba kwa nguvu, watu watalia. Nani atajua?”

“Yeye atajua,” Hellen akamjibu. “Atajua, na hataweza kusema. Hapo ndipo pabaya.”

 Kashindye akasema basi nenda kwake, usingoje kina mama wakuwahi kumpelekea habari. Hellen akaniomba nimsindikize. Nikamfunga Maige mgongoni.

Nyumba ya Mwalimu iko Ilemela juu, katikati ya mawe makubwa. Unapanda kwa kupita ubavuni mwa jiwe, mkono mmoja ukilishika, na ukifika juu ziwa linakuwa chini yako lote. Tulimkuta ameketi nje kwenye kiti cha mbao, mto umewekwa upande uliolala. Tukamwamkia shikamoo. Mdomo ulijaribu kuitika marahaba, ukaishia njiani, akainamisha kichwa badala yake.

Mama Winnie alituletea michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, na karanga akaketi nasi. Akamshitaki mumewe palepale, kwa mapenzi: hospitali wamesema afanye mazoezi, hata mkono ule mzima auinueinue, yeye anagoma. “Kama mtoto,” akasema. “Huyu wa mgongoni kwako ana utii zaidi.”

Niliona Hellen anangoja Mama Winnie aingie ndani. Mama Winnie hakuingia. Alikuwa na hamu ya watu, akamenya karanga, akauliza habari za mjini. Mwisho Hellen akasema tu.

“Mwalimu, ile sauti ya kwanza imefutika. Nimeifuta mimi, kwenye kompyuta. Sikukusudia. Haipo tena popote.”

Mama Winnie akasema ah, si mtaandika nyingine, nyimbo haziishi. Hajawahi kuimba kwaya. Kwake ile ilikuwa habari ya kazini kwa mumewe. Mwalimu alimtazama Hellen bila kupepesa. Kisha mkono wake wa kushoto ukainuka kutoka kwenye kiti, ukajikunja, ukawa ngumi.

Nikajua amekasirika. Nilirudi nyuma hatua, kwa sababu ya mtoto. Lakini Hellen hakurudi nyuma. Alikuwa anaitazama ile ngumi kwa namna nyingine, mdomo umeachama kidogo. Ngumi ikafunguka, kiganja kikalala bapa kama kinagusa meza. Kikapanda juu kidogo, kikasimama kikimwelekea Mwalimu mwenyewe.

“Do,” Hellen akanong'ona. “Mi. So.”

Baadaye ndipo aliponieleza kwamba walimu wa zamani wa kwaya walifundishwa kila noti na umbo lake la mkono, ngumi ni do, kiganja kilicholala ni mi, kidole kinachoelekeza juu ni ti, na Mwalimu alikuwa akiwaongoza hivyo kabla ubao haujanunuliwa. Wakati ule niliona tu mkono wa mzee ukisema, na Hellen akifungua kompyuta juu ya mapaja. Aliandika jina jipya la faili, `mama_winnie`, akaanza kuchapa kadiri mkono ulivyokwenda.

“Ona, ona,” Mama Winnie akasema, “leo anafanya mazoezi! Wabeja, asante sana, mwanangu, mje kila siku.” Akaanza kuuiga mkono wa mumewe ili amtie moyo, ngumi, bapa, juu, naye Maige akatoa ngumi yake nje ya kanga. Mwalimu alicheka kwa upande mmoja wa uso. Hellen hakucheka, alikuwa anakimbizana na herufi.

Katikati ya wimbo mkono ukaanza kutetemeka. Ukashuka. Akafumba macho. Mama Winnie akasema imetosha, atalala sasa.

Tuliporudi tena, Mwalimu alikuwa amekonda. Walikuwa wamemrudisha hospitali na kumtoa. Nilidhani hatutapata kitu, lakini alipomwona Hellen na begi lake, mkono ukaanza kupanda kabla hatujamaliza salamu, kwa haraka, kama mtu anayejua nguvu zake zitaishia wapi. Hellen akafungua kompyuta haraka haraka, akaandika amri, akabonyeza. Halafu nikaona vidole vyake vimekufa juu ya herufi.

Niliinama. Skrini ilikuwa imekataa. Alikuwa ameandika mshale mmoja badala ya miwili, kuelekea `mama_winnie`, faili lililobeba nusu nzima ya wimbo. Na flashi ilikuwa kibandani, tupu. Kila siku alikuwa akisema ataweka kopi kesho.

Hakuna aliyejua. Mwalimu alikuwa anatazama mkono wake mwenyewe, Mama Winnie alikuwa anamwekea mto. Hellen akaandika upya, mishale miwili, akafuata mkono kuanzia pale ulipokuwa umefika. Noti zilizompita aliomba arudie, na Mwalimu akarudia. Kama ile nusu ya kwanza ingemwagika, sidhani kama mkono ule ungekuwa na nguvu ya kuanza tena toka do.

Mwishoni kabisa kiganja kililala bapa, chini, kikatulia hapo.

“Mi?” Hellen akauliza. “Mwalimu, si ilikuwa do ya juu?”

Mkono haukusogea. Mi. Hellen akaimba kimoyomoyo sauti yake ya pili chini ya ile mi, nikaona midomo ikicheza, halafu akaitikia kwa kichwa. Ilikaa. Ila haukuwa tena wimbo uliokuwa ubaoni. Njiani tukishuka kati ya mawe nilimuuliza kama Mwalimu alisahau. Akasema, “Hapana. Hakuusahau, ameubadilisha. Ule wa kwanza ulimalizika kwa kupanda. Huu unakaa.”

Alipofika kibandani, kabla hata ya kuvua viatu, aliweka kopi kwenye flashi, akachapa na karatasi.

Siku ya baraka nilikwenda na Maige, tukakaa nyuma. Mwalimu Chenge alikuwa mbele kwenye kiti, suti imekuwa kubwa kwake, Mama Winnie pembeni yake na ua kifuani. Baada ya baraka kwaya ikasimama. Kashindye na wenzake walikuwa wamefundishwa na Hellen, wakaapishwa wasitoe siri, na kwa ajabu kubwa walikuwa wamenyamaza. Hakuna aliyesimama mbele kuwaongoza. Wakawa wanamtazama Mwalimu tu.

Akainua mkono wa kushoto. Ngumi.

Wakaanza. Sauti ya kwanza ikaenda juu ya nyingine, nyepesi, na mkono wa mzee ukaenda nayo, bapa, juu, kidole, chini. Mama Winnie alikuwa ametazama kwaya akitabasamu, mgeni rasmi anayeimbiwa. Kisha akausikia mwendo wa mkono pembeni yake, akageuka. Nikamwona anautazama. Ngumi, bapa, juu. Vidole vyake mwenyewe vikaanza kujikunja mapajani, vikifuata, maana vilikuwa vinayajua yale mazoezi.

Wimbo ulipofika kwenye mi ya mwisho, kiganja cha Mwalimu kililala hewani, na Mama Winnie akaweka chake chini yake, akakipokea.

“Kumbe ulikuwa unaniambia,” akasema, si kwa nguvu, lakini kanisa lilikuwa kimya.

Hellen alikuwa mstari wa pili, katikati ya wasindikizaji wenzake, akiangalia sakafu. Sasa yuko kibandani kwake, namsikia. Kuna mteja anataka barua yake ya zamani ibadilishwe iandikwe mpya juu yake, ana haraka, gari linaondoka stendi. Na Hellen anamuuliza, kwa ile sauti yake isiyo na haraka, kama afute au bado.